Uyoga wa Shaba

Baba alikuwa na mzani wa kupimia dhahabu
ingawa dhahabu hakuwahi kuwa nayo.
Aliuweka juu ya kabati, nyumbani Katuba,
na kila alipotoka porini, kibali mfukoni,
alipima risasi kwanza, nyama baadaye.

"Gramu kumi na nane na nusu ndiyo iliyotoka.
Kumi na tano imerudi. Hii ilifanya kazi."
Na kweli ilikuwa imechanua,
kichwa kimekunjuka, kingo zimepinda nyuma
kama uyoga tunaonunua kando ya barabara ya Kipushi
mvua za Desemba zikikolea.
Ganda la shaba, kiini cha risasi:
lugha yetu haikuhangaika kutafuta neno la pili,
madini ni risasi, na kinachoua ni risasi.

Shaba yenyewe huenda ilichimbwa hapa hapa,
ikayeyushwa chini ya lile bomba refu na kilima cheusi cha taka,
ikapanda treni, ikafundishwa umbo ng'ambo,
ikarudi dukani ndani ya kasha la karatasi,
tano kwa bei ya gunia la unga.

Mbogo alimchora kwa makaa kwenye ukuta wa choo.
"Pembe usizitazame. Pembe ni za wapiga picha.
Panda na mguu wa mbele,
theluthi moja ya mwili, simama hapo.
Moyo wake umekaa chini kuliko unavyodhani.
Na usiulize risasi itaingilia wapi,
uliza itatokea wapi.
Akikukabili uso kwa uso huku hujajiandaa, ngoja.
Kungoja nako ni kulenga."
Mvua ilimfuta mbogo kila mwaka.
Kila mwaka baba alimchora upya, mnene zaidi.

Kaka yangu Chansa alinunua za rahisi,
laini, za kupigia swala.
Mwezi wa nane, nyasi zimeungua, hatua sitini,
akapiga pale pale pa ukutani.
Mahali palikuwa penyewe.
Risasi haikuwa yenyewe:
iligonga mfupa wa bega ikamomonyoka
kama bukari ya mpishi mwenye haraka.
Mbogo akaondoka nayo.

Siku moja na nusu walifuata damu,
tone kwenye jani, tone kwenye kichuguu, kisha hakuna.
Baba alitangulia, ameinama, hakumgombeza mtu.
Wakamkuta kwenye matete, bado amesimama.
Baba alipiga mara mbili.
Ya pili, alisema Chansa, mbogo alikuwa tayari chini.

Mama alipokata lile bega
aliweka sahani ya bati kando ya kisu.
Ti. Ti. Halafu kimya, halafu ti.
Hakuzipata zote: kwenye harusi ya Mwape
mjomba Kyungu alitafuna moja, akatema jino,
watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.
Baba hakucheka. Usiku alishusha mzani,
akakusanya chenga zote, na ile ya mjomba.
Gramu saba.
"Zilizobaki ziko wapi?" akaniuliza mimi, mwenye miaka tisa.
Nikasema ndani ya nyama.
"Hapana," akasema. "Ziko ndani ya ile siku na nusu."

Sasa napiga picha za mifupa hospitalini.
Jumanne waliniletea mlinzi wa ghala, paja la kushoto.
Niliiinua filamu kwenye mwanga:
mfupa umevunjika, na kuuzunguka, vyeupe,
kama mchele uliomwagika gizani.
Daktari akauliza vipande vingapi.
Nikahesabu kumi na tisa,
kisha nikajikuta nauliza, kwa sauti,
huyu mtu ametembea nazo tangu lini.

Daktari hakunielewa.
Mlinzi alinielewa.
Akainua vidole viwili,
akakunja kimoja nusu.